Damu Isiyo na Mwenyewe

Buenos Aires, 20 Januari 1997

Dada Eulalia,

Nakusalimu mapema kabla hujaanza kunigombeza kwa kukaa kimya tangu Noeli. Ni mzima, ila mgongo umekuwa wa mzee kwa kuinamia cherehani. Tunashona suruali kuanzia alfajiri, na tajiri hataki simu iite karakanani kwake, kwa hiyo usihangaike kutafuta namba. Barua zako mpe dereva wa basi la Alhamisi kama kawaida, ananifahamu.

Nina jambo moja tu, nalo ni mke wangu Delina na huo ujauzito. Unakumbuka uzazi wa kwanza ulivyokuwa. Mtoto tulimzika, na yeye mwenyewe alikaa mwezi mzima hana rangi, akishika kuta kwenda chooni. Safari hii sitakuwepo. Hospitali yenu haitoi chupa ya damu mpaka ndugu walete watu wawili wa kuirudisha, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Wewe mwenyewe hawakupokei kwa sababu ya lile ini lako. Basi nitafutie hao wawili, na uwapeleke wapimwe kabla ya karnivali. Karnivali ikishaanza hutampata mtu mzima katika Pucara Mayu yote ambaye hajanywa chicha, hiyo pombe yetu ya mahindi, na benki ya damu inawarudisha wanywaji mlangoni.

Anza na Don Zenón. Siku naondoka aliniapia mbele ya watu kwamba Delina akihitaji damu atatoa yake. Mtu mwenye lori kubwa vile na sauti kama ile hawezi kuogopa sindano. Mwambie nimesema hivyo, na umcheke kidogo kwa niaba yangu.

Dada, nakuomba usiliache hili mpaka dakika ya mwisho. Nakufahamu, una wodi nzima kichwani. Hili liweke la kwanza.

Mdogo wako,
Fermín

*

Pucara Mayu, 12 Februari 1997

Fermín, mdogo wangu,

Umekuwa baba. Ni binti, kilo tatu na robo, ana nywele mpaka kwenye nyusi na hasira za kwetu zote. Alizaliwa Jumapili ya karnivali mchana, bendi ikipita chini ya dirisha, hata mkunga ilibidi apige kelele ili Delina amsikie.

Sitakuficha, damu ilimtoka nyingi. Kondo la nyuma liligoma kutoka, na likatoka vipandevipande. Kulikuwa na saa moja ambayo sipendi kuikumbuka. Lakini Don Zenón alikuja, na shemeji yake pia, wote wakavu, hawakuwa wamegusa chicha. Walitoa damu na Delina akapewa. Jumatatu midomo ilikuwa na rangi tena, na jana alikula supu ya karanga bakuli zima akaulizia lingine.

Leo asubuhi ameenda kwa mama yake. Daktari Urioste alitaka akae wiki nzima, lakini mama mkwe wako unamjua. Mama Saturnina alisema wodi yetu ina baridi, na baridi ikimwingia mzazi haitoki tena mifupani. Alikuja na mablanketi manne na mjukuu akamfunga kama mzigo wa safari. Daktari akachoka kubishana.

Mimi leo hii napanda milimani na gari la chanjo, narudi Jumapili. Kwa hiyo usitegemee barua nyingine wiki hii. Furahi, ule vizuri, na acha kuhangaika.

Dada yako,
Eulalia

*

Cochabamba, Ijumaa, 14 Februari 1997

Kwa Muuguzi Mkuu, Wodi ya Wazazi, Hospitali ya Pucara Mayu

Nampa dereva wa basi barua hii kwa sababu simu yenu haipokelewi tangu karnivali.

Leo saa sita mchana nimeletewa Delina Condori, miaka ishirini na minne, siku ya tano tangu ajifungue kwenu. Ana homa ya digrii arobaini. Nyumbani walikuwa wamemfunika mablanketi siku mbili wakimtibu kwa baridi ya uzazi, wakimnywesha majani ya moto. Yuko na mama yake, ambaye anasema Kikechua tu, mhudumu wetu akinitafsiria, na mwenye lori aliyewaleta, ambaye hasemi kitu kwa lugha yoyote.

Maji ya damu yake, ambayo yangekuwa ya njano, ni mekundu. Mashine ya maabara imekataa kuyasoma mara tatu. Kwa kawaida nikiona hivyo najua mgonjwa amepewa damu isiyolingana na yake, nayo inapasuka ndani ya mishipa. Mama anasema binti yake alipewa damu ya huyu mwenye lori. Nilipomuuliza mwenyewe, aliitazama kofia yake akasema, "Ndivyo wanavyosema."

Homa nimeihesabu kuwa ni ya damu hiyo. Namwongezea maji ili kuokoa figo. Dawa kali ya vijidudu sijampa, kwa sababu nayo huumiza figo, na sitaki kumpiga mahali anapoumia tayari. Damu nyingine pia siwezi kumpa mpaka nijue alipewa nini.

Niandikie leo hii: kundi la damu ya mtoaji, namba ya chupa, na saa alizopewa.

Dkt. Irma Peredo

*

Pucara Mayu, Jumapili, 16 Februari 1997, saa kumi jioni

Daktari Peredo,

Nimeshuka kutoka milimani sasa hivi, nimeikuta barua yako mezani kwangu. Ina siku mbili hapo. Hakuna aliyethubutu kuifungua kwa sababu ina jina la cheo changu. Simu yetu imekufa tangu karnivali, kwa hiyo naiandika hii wima, basi linangoja lakini limejaa, nami nitafuata na la alfajiri.

Delina hakupewa damu ya mtu. Don Zenón hakutoa hata tone. Niliahidi kuleta watu wawili kabla ya karnivali na sikuleta. Nilimwambia Zenón mara moja, akasema atapita, hakupita, nami nikaacha. Jumapili ile Delina alipoanza kumwagika, jokofu lilikuwa na chupa mbili ambazo hazijapimwa Chagas, ule ugonjwa wa kunguni unaokaa kwenye damu, maana dawa ya kupimia ilikuwa imetuishia. Mji mzima ulikuwa umelewa.

Wageni fulani wa utafiti walituachia mwaka jana mifuko ya damu ya kutengenezwa, inayotolewa kwenye damu ya ng'ombe na kusafishwa. Haihitaji jokofu wala kundi. Mimi ndiye niliyemwambia Daktari Urioste tuitumie. Nilisema hii haina mtu ndani yake, kwa hiyo haina ugonjwa wa mtu. Alipewa mifuko minane, wa mwisho Jumanne asubuhi. Ndiyo maana maji ya damu yake ni mekundu. Hakuna kilichopasuka.

Kuna karatasi ya onyo inayokwenda na kila mgonjwa. Inasema kwamba chuma kilicho katika maji hayo ni chakula cha vijidudu, na kwamba askari wa mwili huwa wameshughulika kuyafagia maji hayo hata wakashindwa kazi nyingine. Homa yoyote ndani ya siku kumi ihesabiwe kuwa ni maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mgonjwa apewe dawa kali bila kusubiri. Na kondo lake lilitoka vipande, Daktari. Nina hofu kipande kimebaki.

Niliiweka karatasi hiyo kwenye nguo za mtoto. Nilitakiwa nimsomee mama yake Delina kwa Kikechua. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kwamba ni damu ya Zenón.

Mpe ile dawa kali. Tafadhali mpe sasa hivi, nyingine utaniuliza nikifika.

Eulalia Terceros

*

Buenos Aires, 18 Februari 1997

Dada wa thamani,

Barua yako imefika jana, na jana karakana haikushona. Nilipanda juu ya meza ya kukatia nikawasomea wote. Tajiri mwenyewe alitoa chupa mbili za sidra ya tufaha, mtu ambaye anatuhesabia hata uzi. Tumeinywa kwa afya ya Delina, kisha ya binti, kisha ya Don Zenón, kisha sikumbuki.

Sasa sikiliza. Kwa damu ya yule mtu mke wangu anatembea. Siwezi kumwambia asante mdomoni tu kama aliyeniazima nyundo. Nataka awe baba wa ubatizo wa binti yangu. Namtumia koti la ngozi nyeusi, limeshonwa na rafiki yangu wa meza ya pili, na ndani ya mfuko kuna barua yangu ya kumwomba rasmi. Dereva wa basi ampelekee mwenyewe, lisipitie kwako usije ukalipima. Ukimwona amelivaa kwenye jua la mchana, mwache, ni haki yake.

Binti aitwe Delina atakavyo, lakini jina la pili liwe Zenona. Najua ni baya. Atazoea, kama mimi nilivyozoea langu.

Nawe, dada, nimekuwa nikikusema vibaya moyoni. Nilidhani utasahau kuwatafuta wale wawili. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani najiambia, Eulalia atasahau. Nisamehe kwa hilo. Mwambie Delina nashona mpaka Pasaka, halafu nakuja.

Mdogo wako mwenye furaha,
Fermín

*

Cochabamba, 20 Februari 1997

Muuguzi Eulalia,

Jana tuliachana pale koridoni bila mimi kukujibu. Nilikuwa nimesimama saa thelathini na sikujiamini kufungua mdomo. Najibu sasa.

Barua yako ilinifikia Jumapili saa moja jioni. Saa moja na nusu alikuwa ameshaanza dawa. Jumatatu, kama ulivyoona, tulikuta kipande cha kondo, tukalazimika kutoa kizazi chote. Damu tuliyoiotesha maabara ilijaa vijidudu ambavyo kwa kawaida hutulia kwa dawa ile ukiwahi. Havikutulia. Alfajiri ya Jumatano moyo ulichoka.

Uliniuliza kama siku mbili zile zingemwokoa. Sina hakika kwamba zingemwokoa. Sina hakika kwamba zisingemwokoa. Nitaishi na sentensi zote mbili, na wewe pia. Nami nina sehemu yangu: niliona wekundu nikajiridhisha haraka, nikaacha kutafuta.

Karatasi unayoisema sikuonyeshwa na mtu. Naomba nakala yake, na majina ya wengine wote mliowapa mifuko hiyo.

Dkt. Irma Peredo

*

Pucara Mayu, 23 Februari 1997

Fermín,

Telegramu yangu imekuambia kwamba Delina amefariki na kwamba barua inakuja. Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Nilikuwa na barua nyingine tayari, nzuri kuliko hii. Ndani yake Delina alikufa kwa mapenzi ya Mungu, na Zenón alitoa damu.

Jana koti lako lilifika. Zenón alikuja nalo mkononi, hajalivaa, akaliweka juu ya meza yangu pamoja na barua yako ya ubatizo. Halafu akasema, "Doña Eulalia, mimi nilikuja. Jumamosi kabla ya karnivali nilikuja, ukiwa umeshatoka. Walinitoboa kwa dawa ya mwisho ya kupimia iliyobaki, wakaniambia nina Chagas." Alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe. Chama cha ushirika hakimpi mzigo dereva mwenye Chagas, wanaogopa moyo utasimama akiwa kwenye kona za mlima. Watu walipoanza kumshukuru kwa damu ambayo hakutoa, alidhani mimi nimeijua siri yake na nimemsitiri. Akaona kunikanusha ni utovu wa adabu. Ndiyo sababu alipompeleka Delina na homa kule mjini Cochabamba alinyamaza, hata daktari alipomtazama kama muuaji. Daktari alidhani damu yake haikulingana na ya Delina, akaosha figo siku mbili bila kumpa dawa ya vijidudu.

Fermín, sikumsitiri mtu. Sikujua hata kwamba alikuja. Nilikudanganya kwa sababu uliniomba jambo moja na sikulifanya. Delina alipewa damu ya kutengenezwa, ya ng'ombe, na mimi ndiye niliyeichagua, na kwa saa ile naamini bado nilichagua sawa. Ilimrudisha. Bila ile asingefika Jumatatu. Lakini ukishaitia mwilini vijidudu hupata karamu, na mtu anatakiwa alindwe siku kumi, homa ikija akimbizwe. Karatasi ilisema hivyo. Sikuisoma kwa mama yake. Ningeisoma ingenibidi niseme si damu ya Zenón, na watu wote wangejua sikuleta wachangiaji, na wangemwita Delina ng'ombe mpaka uzeeni. Hilo la mwisho nilijiambia ndiyo sababu. Siyo. Niliona aibu kwa ajili yangu.

Kisha nikapanda milimani kuchanja watoto wa watu.

Tulimzika Alhamisi mchana, karibu na mtoto wenu wa kwanza. Binti yu mzima, ananyonya kwa jirani. Nimemweleza Daktari Urioste kila kitu, na nimeandika kwenye fomu ya wageni wa utafiti walioleta mifuko ile kwamba maambukizi yalifuata. Mkurugenzi alitaka niandike hapana, kwa kuwa homa ilianzia nyumbani. Nimeandika ndiyo.

Zenón usimguse hata kwa wazo.

Eulalia

*

Buenos Aires, 3 Machi 1997

Eulalia,

Nimeisoma barua yako asubuhi, nikashona mifuko ya nyuma mia na arobaini, nikaisoma tena.

Ya ng'ombe sina neno nayo. Ungenipa habari kwamba amewekewa maji ya mto na akaamka, ningeyabusu hayo maji. Sina neno hata na wachangiaji. Nilijua utasahau, nilikuandikia kwamba nilijua.

Kinachonikaba ni mimi juu ya ile meza. Nimeinua glasi, nacheka, wenzangu wanapiga makofi, na kule daktari ameshapoteza siku mbili akiosha figo ambazo hazikuwa na shida, kwa sababu ya jina la mtu.

Koti ni la Zenón na ubatizo ni wa Zenón. Mwambie aende akatibiwe, na kama ushirika utamnyima mzigo, nitamwandikia mwenyekiti mimi.

Wewe nakuagiza kitu kimoja. Nenda kwa Mama Saturnina na ile karatasi. Msomee yote kwa Kikechua, neno kwa neno, kama ulivyotakiwa siku ile. Usipunguze na usieleze. Halafu niandikie alichosema. Mimi sijui kama bado nina dada, na simwulizi mtu mwingine ila yeye.

Fermín

*

Pucara Mayu, 11 Machi 1997

Fermín,

Nimekwenda leo. Mama Saturnina alikuwa uani anamenya viazi, mtoto mgongoni. Nilimwambia umenituma nimsomee karatasi ya hospitali niliyoiweka kwenye nguo za mtoto, na kama imepotea ninayo nyingine.

Haikupotea. Aliingiza mkono kifuani akaitoa, imekunjwa ndani ya nailoni. Kwa kuwa ina muhuri, alidhani ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Alikuwa amesikia kwamba mjini wanawachukua watoto wasio na karatasi, kwa hiyo alipofika kule aliificha, na daktari alipouliza kama wana chochote cha hospitali alitikisa kichwa. Siku zote tano za koridoni alikuwa nayo hapo, juu ya moyo.

Nilimsomea. Ina mistari kumi na mmoja. Nilisoma polepole, na sikupunguza wala sikueleza. Nilipofika pale panaposema mgonjwa mwenye homa asifunikwe bali aletwe, aliacha kumenya. Nilipomaliza akaniuliza kama upande wa nyuma kuna kitu. Nikamgeuzia aone kwamba ni mweupe.

"Ni hayo tu?" akasema.

"Ni hayo tu, mama."

"Mbona ni mepesi," akasema. "Hayo ningeyashika. Ningemrudisha usiku uleule, hata kwa kumbeba."

Akachukua kiazi kingine. Niliondoka kabla viazi havijaisha.

Eulalia